Mfiche mtoto, usilifiche kosa

KILA mara watoto wanapokufa au kudhulumiwa mahali walipostahili kulindwa, kilio cha Wakenya huwa kimoja: iundwe tume! Tume huundwa, mashahidi huitwa, na baada ya miezi kadha ripoti hutolewa mbele ya kamera. Kwa siku mbili tatu magazeti hujaa vichwa vikubwa vya habari. Kisha kimya.

Ni wachache wetu ambao huuliza ripoti yenyewe imeandikwa vipi. Je, mtoto aliyeumizwa ataweza kuisoma siku moja bila kuumia tena? Jirani akiisoma atamtambua? Na ile ofisi iliyopokea malalamiko mapema ikayafungia kabatini, imetajwa au imefunikwa kwa maneno matamu?

Maoni yangu ni kwamba ripoti nyingi za aina hii hutenda kinyume cha yale yanayotakikana. Humwanika mtoto na kulificha kosa. Wakati umefika tudai yageuzwe: mtoto afichwe, kosa lianikwe.

JERAHA LISILOONEKANA

Huenda msomaji akashangaa kwa nini jambo hili linazungumzwa katika kurasa za afya, ilhali tume na ripoti ni mambo ya wanasheria na wanasiasa. Sababu ni kwamba ripoti yenyewe inaweza kumdhuru mtu.

Mtoto aliyenajisiwa, aliyepigwa au aliyenyimwa chakula hubeba jeraha ambalo haliwezi kuonekana kwa eksirei. Miaka mingi baadaye, harufu fulani, sauti fulani au habari iliyosomwa redioni inaweza kumrudisha pale pale alipoumizwa. Moyo humwenda mbio, usingizi humpaa, huota ndoto za kutisha, na wengine hukimbilia pombe ili wasahau. Madaktari wa maradhi ya akili na washauri wanalifahamu jambo hili vyema. Ripoti inayoeleza kinaganaga yale mtoto aliyotendewa, bila onyo na bila kumwelekeza msomaji pa kupata msaada, yaweza kuwa pigo la pili.

Na wanaobeba jeraha hilo si wachache. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa nchini mwaka wa 2010 uligundua kwamba miongoni mwa vijana wa umri wa miaka 18 hadi 24, asilimia 32 ya wanawake na asilimia 18 ya wanaume walikuwa wamedhulumiwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Uchunguzi wa mwaka wa 2019 ulionyesha nafuu, yaani takriban asilimia 16 ya wanawake na asilimia 6 ya wanaume.

Hata tukichukua hesabu hiyo ya chini, maana yake ni kwamba redio ya matatu inapotangaza habari za ripoti kama hiyo, miongoni mwa abiria 14 waliomo huenda yumo mmoja ambaye habari hiyo inamgusa yeye mwenyewe. Huyo ndiye msomaji wa kwanza ambaye mwandishi wa ripoti anafaa kumkumbuka. Aghalabu huwa wa mwisho kukumbukwa.

SHAKAHOLA

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mnamo Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Kufikia mwisho wa mwaka huo, zaidi ya miili 400 ilikuwa imetolewa ardhini. Wengi wa waliokufa walikuwa watoto. Februari 2024, mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walisomewa mashtaka mjini Malindi ya kuwaua watoto 191. Waliyakana.

Nani ana hatia na nani hana, hilo ni la mahakama. Lakini kuna swali jingine ambalo halihitaji kumngoja jaji: watu wazima waliopewa kazi ya kuwalinda watoto hao walikuwa wapi?

Kamati maalum ya Seneti chini ya uenyekiti wa Seneta Danson Mungatana ilitoa ripoti yake Oktoba 2023. Machi 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) nayo ikatoa yake, na ikawalaumu waziwazi maafisa wa usalama wa Malindi kwamba walipata habari mapema na hawakuchukua hatua iliyostahili. Kuinyoshea kidole ofisi ya serikali kwa namna hiyo ni kazi ya kupongezwa.

Hata hivyo, ripoti hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha ofisini. Ni wazazi wangapi wa Chakama, Langobaya au Malindi kwenyewe wanaoweza kuketi wakazisoma na kuzielewa?

Tafakari pia juu ya mtoto aliyeokolewa kutoka msitu huo akiwa na umri wa miaka tisa. Mwaka wa 2032 atatimiza miaka 18. Bila shaka siku moja atataka kujua kwa nini hakuna mtu mzima aliyekuja mapema kabla ndugu zake hawajafa. Atakwenda kutafuta maandishi. Yale atakayoyakuta ndiyo majibu ambayo taifa limemwandalia. Kila sentensi ya ripoti kama hii yafaa ipimwe kwa macho ya mtoto huyo.

JINA LIMEBANWA, LAKINI...

Waandishi wengi wa ripoti, nasi wa magazeti tukiwemo, hudhani kwamba kumficha mtoto ni kubana jina lake tu. Haitoshi.

Tuseme ripoti inataja msichana wa miaka 12 "ambaye jina lake tumelibana." Kisha inaendelea kueleza kwamba anasoma Gredi ya Sita katika shule iliyo karibu na soko fulani, kwamba ni kifungua mimba wa mama muuza samaki, na kwamba alilazwa hospitalini mwezi wa Machi. Mwandishi aliyeko Nairobi anaamini amemficha. Kule kijijini, hata watoto wa chekechea wanajua ni nani. Kesho yake msichana huyo akienda kisimani, ananyoshewa kidole.

Matokeo yake tunayajua. Mtoto huacha shule. Familia huhama. Wengine humwoza haraka "ili aibu iishe." Na mzazi wa jirani ambaye naye ana siri kama hiyo nyumbani hujifunza somo moja tu: usiripoti. Badala ya kwenda kwa polisi na hospitali kujaziwa fomu ya P3, ataketi na wazee chini ya mti, apokee mbuzi wawili na kunyamaza. Yule mdhalimu atabaki pale pale akitafuta mtoto mwingine.

Vivyo hivyo kwa picha. Tumezoea kuona picha ya mtoto ambaye macho yamezibwa kwa ukanda mweusi, huku sare yake ya shule na mlango wa nyumba yao vikionekana barabara. Ukanda huo haumfichi mtoto.

Kumficha kwa kweli kunahitaji kazi. Taja kaunti badala ya kijiji. Sema "kati ya miaka 10 na 13" badala ya kutaja umri kamili. Acha kazi ya mzazi, kabila na idadi ya ndugu ikiwa hayaongezi lolote katika kueleza kosa. Ikiwa visa kadha vinafanana, vielezwe pamoja. Na kabla ripoti haijapigwa chapa, apewe mtu mwaminifu anayetoka eneo hilo aisome, kisha aulizwe swali moja: je, unamtambua? Akisema ndiyo, kazi haijakwisha.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, inasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yanayotangulia. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 nayo inalinda faragha yake. Mwandishi wa ripoti hawezi kusema hakuambiwa.

SENTENSI ISIYO NA MTU

Kwa upande mwingine, mtoto anapoanikwa, ofisi hupewa pazia. Lugha ya serikali ina ufundi mkubwa katika jambo hili. Utasoma kwamba "ilibainika taratibu hazikufuatwa" au kwamba "kulikuwa na upungufu katika mawasiliano." Nani hakufuata taratibu? Siku gani? Alipaswa kumwarifu nani? Sentensi nzima haina mtu ndani yake.

Linganisha na hii: "Mwalimu mkuu alipokea barua ya mzazi tarehe 4 Mei. Kanuni zilimtaka amwarifu afisa wa watoto. Hakumwarifu." Hapo hakuna tusi, hakuna kelele, wala jina la mtu. Lakini kila mwalimu mkuu nchini akisoma maneno hayo atajua ni nini kinachotarajiwa kwake siku barua kama hiyo itakapofika mezani pake.

Ripoti moja iliyoonyesha jinsi ya kufanya hivyo ilitolewa Uingereza Januari 2003. Ilihusu kifo cha Victoria Climbié, msichana wa miaka minane kutoka Ivory Coast aliyepelekwa Ulaya na jamaa wa babake kwa ahadi ya elimu bora. Ahadi kama hiyo inajulikana sana katika vijiji vyetu pia. Victoria alikufa London tarehe 25 Februari 2000. Mtaalamu aliyeuchunguza mwili wake alihesabu majeraha na makovu 128. Jamaa huyo na mwanamume aliyeishi naye walipatikana na hatia ya mauaji mwaka wa 2001.

Uchunguzi uliongozwa na Lord Laming. Angeweza kuandika juu ya ukatili wa watu hao wawili tu, na wasomaji wangelia wakaridhika. Badala yake alifuata nyayo za mtoto huyo kutoka ofisi hadi ofisi: huduma za jamii, polisi, hospitali. Alihesabu nafasi zisizopungua 12 ambapo mtu aliyekuwa kazini angeweza kumwokoa, na akaeleza kwamba hatua zenyewe hazikuhitaji ustadi mkubwa, ila mtu kuifanya kazi yake ya kawaida vyema.

Kwa sisi tulio katika mambo ya afya, kuna kurasa katika ripoti hiyo zinazochoma moyo. Julai 1999 Victoria alipelekwa hospitalini akiwa na alama mwilini zilizotiliwa shaka. Daktari mkuu akaamua kwamba zilikuwa alama za upele. Kwa neno hilo moja, wasiwasi wa maafisa wengine ukapoa. Mwezi huo huo alilazwa katika hospitali nyingine akiwa ameungua kichwani na usoni, na baada ya matibabu akarejeshwa mikononi mwa mwanamke yule yule. Muuguzi au daktari yeyote anayesoma hayo hawezi kutazama upele wa mtoto kwa haraka tena.

Msomaji anaweza kuuliza, mbona jina la Victoria likatajwa ilhali nasema mtoto afichwe? Victoria alikuwa ameshafariki, kesi ya mauaji ilikuwa imesikizwa hadharani, na wazazi wake wenyewe walijitokeza kudai ukweli. Mtoto aliye hai, ambaye kesho anarudi darasani, ni jambo tofauti kabisa.

MBUZI WA KAFARA

Kuna hoja ya wapinzani ambayo inastahili kujibiwa kwa haki. Wao husema kwamba ukianika makosa ya ofisi, umma utatafuta mbuzi wa kafara. Wafanyakazi watatishika, wazuri wataacha kazi, na watoto ndio watakaoumia.

Hofu hiyo si ya bure. Agosti 2007, katika mtaa wa Haringey mjini London, ambako Victoria pia aliwahi kuishi, mtoto wa kiume wa miezi 17 aitwaye Peter aliuawa. Alikuwa katika orodha ya watoto wa kulindwa, na maafisa na wahudumu wa afya walikuwa wamemwona mara zipatazo 60. Hasira za umma ziliwaangukia wafanyakazi wa huduma za jamii. Mkurugenzi wa huduma za watoto wa mtaa huo alifutwa kazi Desemba 2008. Mwaka wa 2011 mahakama ya rufani iliamua kwamba hakutendewa haki katika kufutwa huko.

Lakini tazama jambo moja. Wakati hasira zilipokuwa kali kabisa mwaka wa 2008, umma ulikuwa umepewa muhtasari tu wa ripoti. Ripoti kamili zilifichwa hadi Oktoba 2010. Watu walioachwa bila maelezo ya jinsi mambo yalivyoharibika walibaki na nyuso za kuchukia tu. Siri haikuwakinga wafanyakazi hao hata kidogo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ofisi nazo haziponi kwa kuficha.

Suluhisho ni kutofautisha mambo matatu. La kwanza ni kosa lenyewe, ambalo lazima lielezwe lote: ofisi, cheo, tarehe, wajibu uliokuwapo na kisichofanywa. La pili ni jina la mfanyakazi. Hilo halifai kuchapishwa kabla hajapewa nafasi ya kujitetea. Ikiwa kuna shaka ya uhalifu, lipelekwe kwa wapelelezi. Wakenya tunaijua njia hiyo. Mwaka wa 2008 Tume ya Waki ilichapisha yaliyotokea katika ghasia za uchaguzi, lakini majina ya washukiwa ikayatia katika bahasha iliyokabidhiwa Kofi Annan. La tatu ni jina la mtoto, ambalo halifai kwenda popote.

Wengine watasema kesi bado ziko mahakamani, kwa hivyo ripoti nzima ingoje. Nao wana jibu. Nchini Australia, tume iliyochunguza dhuluma za kingono dhidi ya watoto katika taasisi ilikamilisha kazi yake Desemba 2017 kwa ripoti ya majuzuu 17. Sehemu zilizomhusu Kadinali George Pell zilizibwa kwa wino mweusi kwa sababu kesi yake ilikuwa haijaisha. Zilizosalia zilichapishwa. Mei 2020, kesi zilipomalizika, na baada ya Mahakama Kuu kufuta hukumu dhidi yake, sehemu zilizozibwa nazo zikatolewa. Ziba mistari inayohusu kesi, sema kwa nini umeiziba, na sema itafunguliwa lini. Usiifungie ripoti nzima.

Na tusidhani kwamba hapa kwetu hatuwezi. Mwaka wa 2018 Wizara ya Afya ilitoa ripoti ya kwanza ya siri kuhusu vifo vya akina mama wajawazito na waliojifungua. Visa 484 vya vifo vilivyotokea hospitalini mwaka wa 2014 vilichunguzwa. Hakuna mama aliyetajwa jina. Hata hivyo ripoti ilisema bila kuzungukazunguka kwamba katika visa zaidi ya 9 kati ya 10, huduma waliyopata haikufikia kiwango kilichostahili. Ikiwa tumeweza kusema hivyo kuhusu mama zetu, tunaweza kusema kuhusu watoto wao.

SIKU YA KUTANGAZA

Ripoti nzuri inaweza kuharibiwa siku inapotolewa. Mnamo tarehe 20 Mei 2009, nchini Ireland, ilitolewa ripoti juu ya dhuluma walizotendewa watoto kwa miongo mingi katika shule na makao yaliyoendeshwa na mashirika ya kidini. Watu hao, ambao sasa walikuwa wazee, walikuwa wameingoja kwa miaka. Walipofika ukumbini Dublin walizuiwa kuingia katika mkutano na waandishi wa habari, na zogo likazuka hadi polisi wakaitwa. Watu waliofungiwa milango walipokuwa wadogo walifungiwa mlango tena wakiwa na mvi.

Mpango wa siku hiyo unapaswa kuandikwa mapema kama ripoti yenyewe. Manusura na familia zao waarifiwe kwanza, faraghani, siku kadha kabla ya wanahabari, huku mshauri akiwa karibu. Wasije wakasikia habari zao wenyewe kwenye matatu.

Hospitali na zahanati za eneo husika nazo ziambiwe tarehe. Ripoti kama hii inapotangazwa, kuna watu ambao kwa mara ya kwanza maishani watapata ujasiri wa kusema, "Hata mimi." Muuguzi anayewapokea asishtukie. Vituo vinavyowahudumia waathiriwa wa dhuluma, kama vile kile cha Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa, viongezewe washauri wiki hiyo.

Tume ya Australia ilielewa jambo hili. Iliwasikiliza watu zaidi ya 8,000 katika vikao vya faragha, mmoja mmoja, bila mawakili wa kuwahoji na kuwatisha. Wengi waliruhusiwa kuacha ujumbe mfupi kwa taifa, na jumbe hizo zikawekwa katika kitabu kinachohifadhiwa katika maktaba ya taifa. Mtu aliyenyamazishwa kwa miaka 40 akasomwa na nchi nzima bila kutajwa jina.

Nambari ya simu ya kusaidia watoto, 116, ambayo hupigwa bila malipo mchana na usiku, inafaa kuchapishwa katika ukurasa wa kwanza kabisa wa ripoti. Ikiwa katika kiambatisho cha mwisho, aliyeumia ataacha kusoma kabla hajaifikia.

LUGHA YA MWANANCHI

Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba. Hakuna sababu ya kuridhisha kwa nini ripoti inayohusu watoto wa Kilifi, Turkana au Kisii itolewe kwa Kiingereza pekee. Sisemi kurasa zote 400 zitafsiriwe siku hiyo hiyo. Nasema toleo fupi la Kiswahili, la kurasa zisizozidi 20, liwe tayari siku ile ile ripoti inapotolewa, lisomwe katika mabaraza ya machifu na katika redio za lugha za kienyeji. Watoto nao waandikiwe kurasa mbili tatu wanazoweza kuzielewa, na wasioona na wasiosikia wasisahauliwe.

Lakini Kiswahili chenyewe kichaguliwe kwa uangalifu. Kwa miaka mingi magazeti yetu yameandika "dhuluma za kimapenzi." Mapenzi gani hayo kati ya mtu mzima na mtoto wa miaka minane? Utasoma pia kwamba mwalimu "alikuwa na uhusiano" na mwanafunzi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006 inaita kitendo hicho unajisi, na ripoti nayo iite hivyo. Maneno ya kupamba humlinda mkosaji na kumfanya mtoto aonekane kana kwamba alikubali.

Kwa upande mwingine, kusema wazi si kusema kila kitu. Ripoti haihitaji kueleza kitendo cha unajisi hatua kwa hatua ili tuamini kwamba kilitendeka. Wanaosema aibu ya maiti aijuaye mwosha wana maana kubwa. Mwosha huona yote, na huufunika mwili hata anapouosha. Lakini akikuta alama za kisu, hatoki nje akasema marehemu alikufa kwa homa.

"SERIKALI IHAKIKISHE"

Mwisho wa ripoti huja mapendekezo, na hapa ndipo kazi nyingi hufia. "Serikali ihakikishe watoto wote wanalindwa." Serikali ipi? Tangu mwaka wa 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti. Polisi na idara ya watoto ziko chini ya serikali ya kitaifa. Pendekezo linaloiambia "serikali" huanguka katikati ya ofisi hizo mbili, kila moja ikidhani ni kazi ya mwenzake.

Lord Laming alitoa mapendekezo 108. Aliyagawa kwa wenye kazi: ya jumla, ya huduma za jamii, ya huduma za afya na ya polisi. Mkuu wa hospitali hakuwa na haja ya kusoma kitabu kizima ili kujua anadaiwa nini. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya watoto.

Hapa kwetu, kila pendekezo liandikwe pamoja na ofisi inayohusika, tarehe ya mwisho na fedha zinazohitajika. Kisha baada ya mwaka mmoja, tume au kamati ile ile itoe ukurasa mmoja tu wa kueleza lipi limetekelezwa na lipi halijatekelezwa. Ukurasa huo uchapishwe magazetini. Bila huo, mapendekezo ni maombi tu.

Ni kweli kwamba haya yote yana gharama. Kutafsiri ni pesa, washauri ni pesa, na kuisoma upya kila sentensi ili mtoto asitambulike ni wiki nyingi za kazi. Lakini ripoti iliyomuumiza mtoto tena na kumwacha mzembe ofisini imetumia pesa za umma kwa hasara, hata kama jalada lake linametameta.

Kwa hivyo, msomaji, ripoti nyingine ya aina hii itakapowasilishwa Bungeni, usiishie kwenye vichwa vya habari. Muulize mbunge wako na seneta wako maswali haya. Familia za watoto ziliarifiwa kabla yetu? Toleo la Kiswahili liko wapi? Ni ofisi gani iliyopewa habari, tarehe gani, na ilifanya nini? Kila pendekezo ni la nani, na mwisho wake ni lini?

Na ukiona katika kurasa hizo, au katika kurasa zetu hizi, maelezo yanayokuwezesha kumtambua mtoto, usimwonyeshe mwenzako wala usiyasambaze kwa simu. Mwandikie mhariri umwambie.